Tarehe ya Kuzaliwa ya Kija

Kija alikuwa akipiga deki darasa la kompyuta pale Mirongo, Mwalimu Luhende alipohitaji mtu wa kumweka kwenye mfano. Alimuuliza amezaliwa lini. Kija akataja tarehe kumi na nne Februari, mwaka elfu mbili na mbili, akasimama na ndoo yake kutazama jina lake likiandikwa ubaoni. Ilimfurahisha.

Lilikuwa somo la kwanza la programu: fungua taarifa za mtu, soma tarehe, hifadhi. Ila kompyuta ilisoma tarehe kwa saa za Mwanza ikaihifadhi kwa saa za Uingereza, zilizo nyuma kwa saa tatu, na saa sita usiku ya huku, tarehe inapoanzia, kule ni jana bado. Kila aliyehifadhi alirudisha kuzaliwa kwa Kija siku moja nyuma. Wanafunzi walikuwa arobaini, na kwa bahati mbaya wote wana bidii. Kila mmoja alihifadhi mara tisa kwa siku.

Kwa hiyo Kija alizeeka karibu mwaka mmoja kwa kila siku ya masomo. Wiki ya tatu alinunua miwani. Wiki ya tano hedhi ilikoma. Mchumba wake, Revocatus, alikuja kuaga kwa adabu, akanywa chai, akaondoka. Kija alikuwa anataka mtoto, hata mmoja tu.

Mwanafunzi aitwaye Mwanabaraka ndiye aliyegundua kuwa kila wakihifadhi, tarehe ya Kija hurudi nyuma.

"Mwalimu, tarehe zinatuchanganya sisi tunaoanza. Si tutumie hata majina ya samaki?"

"Mfano umo kwenye mwongozo," alisema Luhende. "Na mtihani umeshachapwa."

"Basi Mwalimu, mwandike mtu mwingine," alisema Kija.

"Nani?"

Wanafunzi wakatazama vidole vyao. Kija naye alifikiria, hakupata jina la kutaja. Akachukua ndoo akaenda kumwaga maji.

Mwisho wa wiki ya sita muhula ulifungwa. Jumatatu wangeingia wapya sitini, na mwongozo ulikuwa uleule.

Jumamosi mama yake alifika kutoka Magu na mchele. Ana miaka arobaini na sita. Alimtazama Kija mlangoni, akautua mzigo, akapiga goti.

"Shikamoo."

Kija alisubiri aone kama anatania.

"Marahaba," alijibu, akamvutia kiti.