Kikombe Kikiwa Mezani

Mashine ya kwanza ilinitoa kwenye kuchuma chai. Ililetwa shambani na watu wawili wameishika huku na huku, ikanyoa mistari sita kabla sijajaza kikapu kimoja. Nikajua hapa kwangu kumeisha. Ndipo nikaenda Kericho mjini kutafuta kazi ya kuipika hiyo chai. Sikujua mashine ya pili inanifuata.

Hii ya pili haikuwa na meno. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya Obure.

Obure ni karani wa Madam Christabel Opondo, wakili, ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo. Mimi ni wa kufagia, kupeleka barua na kupikia wateja chai. Jumatatu moja Obure alituita tuone programu aliyoitengeneza mwenyewe. Kwenye skrini kulikuwa na majina matatu, na kila jina lina kitufe cha kijani cha Anza na chekundu cha Simama. Ukianza kazi ya mteja unabonyeza kijani. Ukimaliza, chekundu. Kompyuta inajumlisha masaa, na mteja analipia masaa yake. Hakuna kubahatisha tena.

"Na huyu wa chini ni nani?" Madam akauliza. Jina la chini lilikuwa CHAI.

"Huyo ni Chepchirchir," Obure akasema akicheka. "Nimemweka asijisikie vibaya."

Madam hakucheka. Kodi ya ofisi ilikuwa imepanda. "Sawa. Mwisho wa mwezi nitaangalia. Huyo akiwa na sufuri, chai tutanunua hapo chini hotelini kwa chupa."

Chepchirchir maana yake ni mtoto aliyezaliwa kwa haraka. Nafikiri haraka yangu yote iliishia siku hiyo. Nilirudi jikoni nikaweka maji.

Jikoni nina daftari. Madam aliniambia zamani niandike maziwa na gesi vinakoenda, basi naandika kila kitu: vikombe vimeingia saa ngapi, vimetoka saa ngapi, nani amekunywa vingapi. Kwa kuandika saa, darasa la nane linatosha.

Wiki ya tatu Mzee Chepyegon alikuja kutoka Kapsoit kuchukua bili. Kesi yake ni ya mpaka wa shamba na ndugu yake, na faili lake ndilo nene kuliko yote. Ukiliweka mlangoni, mlango haufungwi na upepo. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Masaa tisa na dakika ishirini? Mimi hata kanisani sijawahi kukaa masaa tisa."

"Kompyuta haidanganyi, Mzee," Obure akasema.

"Tarehe nne nilikuja hapa. Nilikusalimia?"

"Ulinisalimia."

"Nikakuuliza watoto?"

"Ukauliza."

"Ukaniuliza ng'ombe, nikakuambia ile nyeupe imezaa ndume. Ukaniuliza mvua ya upande wetu. Chai ikaja. Ulitaka nifanye nini, kijana? Niingie nianze kumsema ndugu yangu kabla ya chai? Na hiyo yote umeniuzia! Ng'ombe ni wangu, na bado umeniuzia!"

Ilikuwa kweli. Obure alikuwa akisikia tu fimbo ya Mzee kwenye ngazi, anabonyeza kijani. Na mtu wa huku hatoi shida yake kabla kikombe hakijaisha. Akiitoa mapema, ujue kuna maiti.

Mzee akasimama. "Nipe faili langu. Kuna wakili mwingine kule karibu na stendi. Hana kompyuta, ana masikio."

Madam alitoka ofisini mwake mbio, kiatu kimoja mguuni. "Mzee, kaa kwanza. Obure, toa dakika za chai."

"Siwezi, Madam. Programu haijui chai iliisha saa ngapi. Nikikata kwa kukisia, si ni kubahatisha tena?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Niliwangoja wamalize. Hawakumaliza, kwa hivyo nikasema, "Mimi najua."

Nikaleta daftari. "Tarehe nne. Vikombe vimeingia saa nne na dakika kumi, vimetoka saa nne na dakika hamsini na tano. Mzee, viwili. Obure, vitatu."

"Vitatu?" Madam akamgeukia Obure.

"Na mandazi manne," nikaendelea, kwa sababu yameandikwa.

Tulipitia siku zote alizokuja. Yakabaki masaa sita kasoro dakika tano. Mzee akaketi. "Hayo nayajua. Hayo niliongea mimi mwenyewe."

Siku hiyo Madam aliweka sheria: kikombe kikiwa mezani, saa ya mteja haianzi. Dakika za chai, tangu mwezi uanze, zitaandikwa kwa CHAI, na hakuna mtu atazilipa. Na kwa vile anayetoa vikombe ni mimi, kubonyeza kijani pia ni mimi. Obure akageuza kompyuta iangalie mlango wa jikoni, uso umemvimba kama andazi la tano.

Nilipumua. Lakini sheria nzuri huwa na mlango wa nyuma, na Mzee Chepyegon aliuona kabla yetu.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi alirudi. Akanywa chai, akabakiza tone moja. Kisha akatandaza ramani ya shamba mezani na kuanza kesi yote, mti kwa mti, huku mkono umekumbatia kikombe. Nusu saa ikapita. Madam ananiangalia. Obure ananiangalia anatabasamu. Nikasogea kutoa kikombe, Mzee akasema, "Bado sijamaliza, msichana wangu."

Kumnyang'anya mgeni kikombe haiwezekani. Na nikimwacha, kesho kila mteja atakuja kubakiza tone, sheria itakufa, na mimi nitarudi shambani kutazama mashine ikinyoa.

Nikasimama hapo nikiangalia lile tone mpaka likashika ngozi juu.

"Mzee," nikasema, "hiyo imepoa. Ukienda Kapsoit useme ulipewa chai baridi, nitaficha wapi uso? Lete nikubadilishie."

Mkono wake ukalegea. Akataka kukataa, kisha akaachilia. Nikachukua kikombe, na nikipita kwenye kompyuta nikabonyeza kijani cha Madam.

"Na hiyo ya moto inakuja lini?" Mzee akauliza.

"Ndiyo naenda kuweka maji, Mzee. Na moto wa gesi uko chini."

Aliniangalia, akaangalia skrini, kisha akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Huyu ni nani alimwita Chepchirchir? Haya Madam, tuongee upesi, kabla chai haijafika!"

Mwisho wa mwezi CHAI alikuwa na masaa thelathini na moja. Obure alikuwa na ishirini na sita. Madam alisoma mara mbili, akamwambia afute hilo neno aandike jina langu.

"Jina lake ni refu, Madam. Halitoshi kwenye kisanduku."

"Panua kisanduku."