Kikwetu Kinaishia Mlangoni

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Waraka ulipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, kila mtu aliacha chai yake akaenda kuusoma. Kuanzia muhula ujao, watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu watafundishwa kwa lugha wanayoongea nyumbani kwao. Lugha ya taifa itafuata baadaye. Na kwa kuwa mitaa ya pale ilijaa watu wa kabila la Mwalimu wa darasa la kwanza, kazi ilimwangukia yeye.

"Hongera!" Mwalimu Mkuu akamtania. "Ulikuwa unawaadhibu wakiongea kikwao. Sasa utawaadhibu wasipokiongea."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka hata kidogo.

Msimhukumu haraka, jamani. Mwaka ule wa mapigano ya makabila, kaka yake wa pekee alisimamishwa kwenye kizuizi cha mawe akitoka kununua saruji. Vijana waliomsimamisha hawakutaka kitambulisho. Walimwambia awasalimie tu, naye kwa woga akawasalimia kwa lugha aliyonyonya nayo. Basi, ikawa imetosha. Maiti yake ililetwa nyumbani kwenye mkokoteni pamoja na ile saruji.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwalimu aliapa kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake akajulikana kabila kwa kufungua mdomo. Taifa moja, lugha moja, na asiwepo wa kuwachambua watu kama mchele. Aliolewa na fundi wa majokofu, mtu wa upande ule ule wa wale vijana wa kizuizini, na wakapata binti mmoja. Walimpa jina la utani Kasuku, maana tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Nyumba yao iliongea lugha ya taifa tu, asubuhi mpaka jioni.

Halafu akaja Bibi, mama yake Mwalimu. Magoti yalikuwa yamekataa shamba. Alikuja na furushi moja na maneno machache ya lugha ya taifa, yale ya kusalimiana. Jioni ya kwanza alimpakata mjukuu wake, akamwambia kwa kikwao, "Hapo kale..." Hakufika mbali.

"Mama," Mwalimu akamkatiza, "hapa kikwetu kinaishia mlangoni. Mtoto asikisikie. Unajua kilichompata kaka."

Mwanamke yule alikuwa amemzika mwanawe kwa mikono yake. Angebishana na nini? Akasema, "Sawa." Siku alizojisahau, Mwalimu alijifanya kiziwi. Mwezi haukwisha, Bibi akaacha kujisahau. Salama, asante, karibuni, nimeshiba: kwa maneno hayo mtu mzima wa miaka sabini aliishi miaka sita kwa mwanawe wa kumzaa. Na Mwalimu, loo, alijisifu kwa majirani kwamba mama yake ni mpole, hana makuu.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowachekesha. Kila alasiri Bibi alichukua kikapu akaenda sokoni, akarudi karibu na magharibi na fungu moja la mboga za majani. Kila siku ya Mungu!

"Mboga tena?" Kasuku alilalamika.

"Kula tu," baba yake alimwambia. "Mwaka huu tutaota majani masikioni."

Muhula ukaanza. Siku ya kwanza ulimi wa Mwalimu ulikuwa mzito darasani, maneno ya utotoni yakija moja moja. Kulikuwa na mtoto wa kike aliyerudia darasa, ambaye mwaka mzima wa nyuma walimu walimwandika kuwa hasikii vizuri. Yule yule ndiye aliyesimama siku hiyo akaeleza kwa kikwao, mwanzo mpaka mwisho, jinsi kuku wa mama yake alivyokula kipande cha sabuni na jinsi mtaa mzima ulivyomkimbiza. Darasa lilicheka mpaka wengine wakashuka chini ya madawati. Mwalimu naye alicheka, kisha akageukia ubao, maana machozi yaliyokuja hayakuwa ya kicheko peke yake. Mwaka mzima mtoto alikuwa anasikia, na alikuwa na la kusema.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi aliweka bisibisi mezani.

"Watoto wa wenzako unawafundisha kikwenu," alisema. "Wako umemfungia. Mimi ndiye mtu wa upande ule, mke wangu, na sikukuomba hilo hata siku moja."

"Kazini ni kazini, nyumbani ni nyumbani," Mwalimu akajibu, akainuka kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Lakini lilimwingia. Usiku hakulala, na kulipokucha alikuwa ameamua: Jumamosi atakaa na mama yake, aombe radhi, amwambie asimulie anachotaka kwa lugha anayotaka, na Kasuku asikie. Jumamosi ikafika, kukawa na nguo za kufua. Iliyofuata kukawa na madaftari ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba aliona haya. Unaanzaje kumwambia mama yako, nimekuziba mdomo miaka sita na kumbe nilikosea? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye alingoja wiki tano.

Jumatano moja mwanamke mwenye aproni na vidole vyenye udongo alisimama kwenye mlango wa darasa. Aliongea kikwao bila hodi ndefu.

"Wewe ndiye binti yake? Mimi muuza mboga wa sokoni. Mama yako ameanguka kibandani kwangu, wamemkimbiza hospitali."

Wakapanda teksi pamoja, na njiani muuza mboga akamwaga yote. Miezi minne sasa chakula hakikai tumboni. Bibi alikuwa akitapika nyuma ya kibanda, ananawa, anarudi kukaa kwenye kigoda.

"Nilimwambia, mweleze mwanao. Akasema, kule kwa mwanangu sina maneno ya kuelezea."

"Kila asubuhi namuuliza ameamkaje!" Mwalimu alilia. "Ananiambia salama!"

"Si ndilo neno alilokuwa nalo," muuza mboga akasema, wala hakulisema kwa ubaya. "Kwani ulidhani anapenda mboga? Hata hazipendi. Alikuja kuongea."

Mwanamke huyo wa sokoni alijua kwamba marehemu kaka humjia Bibi ndotoni. Alijua kwamba Kasuku hucheka usingizini. Alijua mpaka jina ambalo Bibi alikuwa amempa mjukuu wake moyoni, jina ambalo Mwalimu hakuwahi kulisikia. Mwalimu aligeuza uso dirishani, roho inamuuma kwa wivu na aibu.

Hospitalini daktari aliuliza maumivu yalianza lini, na aliyejibu ni muuza mboga. Daktari akamvuta Mwalimu pembeni, akamwambia wamechelewa mno, wakae naye tu. Fundi alifika na Kasuku, bado yuko kwenye sare ya shule. Wakasimama wote kando ya kitanda.

Mwalimu akapiga magoti. "Mama," alisema kwa kikwao, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. "Mama yangu, sema nami. Wapi panauma?"

Macho ya Bibi yalifunguka. Alimtazama binti yake, kisha akamwona Kasuku miguuni pa kitanda. Aliinua mkono, akaufunika mdomo wa Mwalimu.

"Mtoto anasikia," alisema kwa lugha ya taifa, neno moja moja.

"Muache asikie, mama! Nakuomba!"

Bibi alitikisa kichwa. Alikuwa ameahidi. Mwalimu alimsihi, muuza mboga akamsihi, hakukubali, na pumzi ilikuwa inakwisha. Basi Mwalimu akafanya lililobaki. Alimwambia mumewe amtoe mtoto nje, na muuza mboga akawafuata.

Mlango ulipofungwa, Bibi aliongea. Aliongea kikwao, haraka haraka, karibu nusu saa, sauti ikipanda na kushuka, na mara moja alicheka. Kasuku, sikio lake mlangoni, aliisikia sauti ya bibi yake asielewe hata neno. Hakujua kama bibi yake ana sauti nzuri hivyo. Kisha ikanyamaza.

Mwalimu alitoka. Akamshika binti yake mkono, na hakuhitaji kumweleza kilichotokea.

"Bibi alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakusimulia hadithi. Wewe. Yote ilikuwa yako."

"Mbona hakuniambia mimi?"

Mwalimu akachuchumaa mbele yake.

"Nilimkataza," alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza, mwanangu."

Kasuku alimtazama mama yake. Hakusema kitu, yeye asiyefunga mdomo. Akautoa mkono wake mkononi mwa mama yake, akaenda kusimama karibu na muuza mboga.