Lifti Isiyo na Hitilafu

Jumanne asubuhi Nkirote alitoka kwake, ghorofa ya kumi na tisa, barabara ya Dixon, Toronto, mkoba wa kompyuta begani na chai mkononi. Akaingia lifti peke yake. Ilipofika ghorofa ya kumi na mbili ikajitikisa, ikasimama, na mlango ukabaki na ufa wa kupitisha chapati. Akabonyeza kitufe cha dharura. Sauti ya mwanamke ikamuuliza kwa upole hali yake ikoje. Nkirote, mtoto wa mwalimu, aliyelelewa Meru asisumbue watu, akajibu kama anavyomjibu yeyote anayemjulia hali: yuko sawa tu, asante sana. Mwanamke akashukuru, akakata simu, na jambo likahesabiwa limekwisha.

Fundi naye asingekuja. Hilo Nkirote alilijua vizuri, maana programu ya kuangalia lifti za mtaa ule ilitengenezwa na kampuni anayofanyia kazi, na sehemu ya taa aliiandika yeye. Taa nyekundu, fundi anaitwa. Taa ya kijani, fundi anaendelea na kahawa yake. Hapo mwanzo lifti iliyonyamaza, isiyotuma ishara yoyote, iliwasha nyekundu, kama inavyotakiwa. Lakini siku ya kuwaonyesha wateja skrini ilijaa wekundu, na Craig, mkuu wa kitengo, akasema wekundu ule hauonyeshi mtazamo wa ubunifu. Akaagiza lifti isiyojibu ihesabiwe nzima. Nkirote alibisha kidogo, kisha akaandika, shingo upande. Kibali chake cha kuishi Kanada kilifungamana na kampuni ile moja. Ukiachishwa kazi pale, unafunga mizigo.

Haya. Akafungua kompyuta, akampigia Craig, akamweleza alipo. Craig alifurahi kweli kweli.

"Mtu mbunifu haoni ukuta," alisema. "Anaona ofisi. Endelea kufanyia kazi humo humo, halafu Alhamisi uwaeleze wenzako kwenye somo letu la ubunifu. Nakupongeza sana."

Kuta za lifti zikasogea nyuma hatua moja, na stuli ikawa pale ambapo haikuwapo.

Ikawa hivyo hivyo. Kila aliposifiwa, lifti ilipanuka. Baada ya somo la Alhamisi alipata godoro na bafu dogo lenye maji ya moto. Alipotunukiwa cheti cha mfanyakazi mwenye fikra mpya, jiko liliota pembeni, na dirisha likafunguka upande wa uwanja wa ndege. Mlango haukusogea hata kidogo. Majirani walishika ngazi, wakipita wanamsalimia. Bi Batool wa ghorofa ya kumi na mbili, mzaliwa wa Tanga, alimpitishia chapati kabla ya jiko kuota, na hata lilipoota hakuacha.

"Kilemba cha ukoka hicho wanakuvika, mwanangu," alimwambia siku moja, akijikanda magoti yaliyochoshwa na ngazi.

"Najua, Bi Batool. Lakini nikizikataa hizo sifa nitalala wima."

Bi Batool akaona ni kweli, akaenda kugeuza chapati zake.

Tatizo likawa mama. Mama yake Nkirote alinyimwa viza mara kwa mara, na ile aliyoipata mwishowe ilimruhusu kukaa mwezi mmoja tu. Hawakuwa wameonana tangu Nkirote aondoke nyumbani. Tiketi ilishalipwa. Na mzazi hapokelewi na watu baki, jamani! Lakini ndivyo ilivyokuwa: Wakenya wa kanisani ndio walioenda kumlaki kwa vigelegele, na Nkirote aliitazama ndege ikishuka akiwa dirishani kwake. Alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia, mpaka mtu wa ghorofa ya kumi na moja akagonga dari kwa ufagio.

Mama akapanda ngazi na kiroba chake cha unga wa wimbi, akaketi kwenye kiti alichowekewa na Bi Batool mbele ya ufa, akachungulia.

"Umekonda," alisema, ingawa aliona jicho moja tu.

Akawa anakuja kila siku. Walizungumza Kiswahili ili Bi Batool asibaki nje ya mazungumzo, wakasengenya ukoo mzima, wakacheka. Kumshika mwanawe mama hakuweza. Kidole hakikupita.

"Huu mlango wa kuufungua ni nani?" mama aliuliza siku ya mwisho, masanduku yakiwa tayari.

"Ni mimi, mama."

"Basi fungua."

"Watanifukuza."

"Nkirote, nimevuka bahari nije nikushike. Sikuja kuangalia jicho."

Nkirote akapiga moyo konde. Akafungua kompyuta, akaifuta ile sehemu aliyoiandika shingo upande, na lifti zote zilizonyamaza Toronto nzima zikawaka nyekundu. Craig akapiga simu papo hapo. Kwa mara ya kwanza alimgombeza. Alisema amemwangusha, ameiangusha timu. Jiko likaenda, bafu likaenda, dirisha likajifumba, kuta zikaja mpaka zikambana mabega na mgongo. Na ufa ukapanuka, ukatosha mkono.

Aliutoa mpaka begani. Mama akaushika kwa mikono yote miwili, akaunusa, akauweka shavuni. Kisha akaugeuza kwenye mwanga wa korido.

"Ona ulivyopauka! Huku hakuna mafuta?"

Akatoa kopo kwenye mkoba, akaanza kuupaka taratibu, kuanzia vidoleni.

Alikuwa amefika kwenye kiwiko Craig alipopiga tena. Taa wameshazirudisha kijani, alisema, fundi hakuwa hata ameondoka kituoni. Lakini wakubwa wamependezwa. Amethubutu, na kuthubutu ndiyo roho ya ubunifu. Wamemteua balozi wa ubunifu wa kampuni nzima.

Nkirote akasikia ukuta ukimwachia mgongo.

"Usinisifu, Craig," alisema. "Nakuomba sana, usinisifu."

"Na mnyenyekevu pia!" Craig akasema.

Ufa ukaanza kujifunga. Mama hakuachia. Aliukumbatia mkono kifuani, amefumba macho, mpaka Bi Batool alipomshika mabega.

"Muachie, dada. Utavunjika huo mkono."

Mama akauachia. Nkirote akauvuta ndani, na ufa ukarudi kwenye unene wa chapati. Nje alisikia masanduku yakishushwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Ndani kulikuwa na chumba kipya, na kitanda kimetandikwa shuka jeupe, cha mgeni. Akaketi ukingoni mwake, akayavuta yale mafuta kwa kiganja kutoka kwenye kiwiko, akajipaka mpaka begani.