Makumbusho ya Tatu

Alizeti yote ilipokwisha kuingia ndani, Mughwai alisema jambo ambalo mkewe Stumai hakuwahi kulisikia kwake: Jumamosi wangefunga nyumba yao ya Ilongero na kwenda Singida mjini kutembea tu, yeye, mkewe na wasichana wao wawili.

Janeth, aliyekuwa darasa la sita, akadakia kwamba mwalimu wao aliwaambia mjini kuna makumbusho matatu.

"Matatu hatuyawezi," Mughwai alisema. "Jioni ng'ombe wanatungoja. Chagueni mawili, wewe na mama yako. Mimi nitawafuata."

Moja lilikuwa la utamaduni wa mkoa. La pili lilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja, Laurenti, fundi aliyestaafu, ambaye alikuwa amekusanya redio, baiskeli na cherehani za zamani. La tatu kilikuwa chumba kilichofunguliwa na hospitali ya misheni kuonyesha ilikotoka.

Wakati wa kupika, Janeth alimfuata Stumai jikoni.

"Mama, mimi nataka la hospitali."

"Hospitali? Utaona nini, sindano?"

"Bibi wa Sepuka aliniambia wamebandika picha ya manesi wote wa zamani. Na mama Peniel yumo."

Peniel ndiye aliyemzaa Janeth. Alikuwa nesi pale misheni mpaka ugonjwa ulipomchukua, na Janeth alikuwa mdogo mno kuikumbuka sura yake. Picha zake zilikuwa kwenye simu ya Mughwai, na simu ikaibwa mnadani. Stumai aliolewa baadaye, akitokea Kiomboi, Iramba. Rebeka mdogo alikuwa wa kumzaa mwenyewe, lakini Janeth naye alimwita mama tangu siku za mwanzo, bila kushurutishwa na mtu.

"Umemwambia baba yako?"

"Bado. Nikimtaja, baba ananyamaza siku nzima. Nilitaka umwambie wewe."

Stumai alikubali, lakini hakumwambia. Kila alipotaka kufungua mdomo alimwona Mughwai amesimama mbele ya picha ile, akimtazama mwanamke ambaye Stumai alimjua kwa sifa tu: mpole, msomi, anayeimba vizuri kanisani. Miaka yote aliyokaa Stumai katika nyumba ile, Peniel hakuwa na uso kwake, na hilo lilimpa nafuu ambayo asingeweza kumweleza mtu.

Siku moja kabla ya safari alimwambia Janeth, "Nimempigia mtu anayefanya kazi kule hospitali. Kile chumba hawafungui Jumamosi."

Hakuwa amempigia mtu yeyote.

"Haya," Janeth alisema. "Basi twende kwingine." Akaendelea kuchambua mchicha. Angelalamika, hata kidogo, labda Stumai angepata pa kurudi nyuma. Hakulalamika.

Jumamosi walifika mjini jua likiwa bado la upole. Kwenye makumbusho ya utamaduni Mughwai alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Aliwaonyesha mizinga ya magome, vibuyu vya maziwa na mawe ya kusagia, akamwuliza Stumai kama kwao Iramba walisaga namna hiyo hiyo. Stumai alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Janeth. Msichana huyo alikuwa amembeba Rebeka kiunoni ili aone vitu vya juu, na alipochoka hakumrudisha kwa mama yake, alimhamishia tu upande mwingine.

"Mlete, mwanangu, utaumia," Stumai alisema.

"Siumii, mama. Wewe angalia vitu."

Maneno hayo yalimchoma Stumai. Akageukia ngoma iliyokuwa mbele yake, akaitazama muda mrefu bila kuiona.

Kwa mzee Laurenti walipokelewa vizuri. Walimpa shikamoo, akawakalisha kwenye benchi, akawawashia redio moja ya mbao ambayo ilikoroma kidogo kisha ikashika stesheni. Rebeka alicheka mpaka akakohoa. Walipokuwa wakiaga, mzee akauliza, "Na kule hospitali ya misheni mmeshafika?"

"Bado, mzee," Mughwai alijibu. "Na sijui kama kuna haja."

"Pazuri pale. Nimepita asubuhi, sista alikuwa anapokea wageni. Jumamosi ndiyo siku yao kubwa."

 Janeth alimtazama Stumai mara moja tu, kisha akainamisha macho.

"Sisi tulisikia wanafunga," Janeth alimwambia mzee. "Labda tulisikia vibaya."

Alisema "tulisikia". Stumai alitamani mtoto angemgeukia na kumwumbua pale pale mbele ya mwenyeji wao. Badala yake alikuwa amemfunika aibu yake, na kwa sauti ileile aliyoitumia kumwomba aangalie vitu.

Walikwenda kula chipsi kuku karibu na stendi. Mughwai alianza kuhesabu yaliyobaki: kununua chumvi, kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, kisha nyumbani. Janeth alikuwa anamtolea Rebeka mifupa kwenye nyama. Chakula cha Stumai kilikuwa kinapoa.

"Baba Janeth," alisema. "Kuna jambo."

Mughwai aliacha kutafuna.

"Kule hospitali kuna picha ya manesi wa zamani. Mama yake Janeth yumo. Mtoto aliniomba nikwambie, sikukwambia. Nikamdanganya kwamba kumefungwa. Sikumpigia mtu yeyote simu."

Janeth hakuinua kichwa.

"Kwa nini?" Mughwai aliuliza.

"Niliogopa utakavyomtazama."

Mughwai alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Hakuwa na hasira usoni, alionekana mchovu. "Ungeniambia tu. Tungekwenda wote." Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, samahani. Nilikufanya uogope kunitajia mama yako."

"Janeth," Stumai alisema, "nisamehe, mwanangu."

"Haya," Janeth alijibu, kama alivyojibu siku ile ya mchicha.

Wakapanda bajaji. Chumba kilikuwa wazi, na sista alikuwa mlangoni. Stumai alimshika Rebeka mkono, akakanyaga ngazi ya kwanza.

"Mama," Janeth alisema taratibu, "naomba niingie na baba. Sisi wawili."

Lilikuwa ombi la adabu kabisa. Stumai akarudisha mguu chini. Alikaa barazani na Rebeka, akamfungua viatu, akamvalisha tena, akamfungua. Kutoka ndani alisikia sauti ya sista ikieleza jambo, kisha sauti ya Mughwai. Baadaye akamsikia Mughwai akicheka kicheko kifupi, na Janeth akauliza kitu haraka haraka, na baba yake akamjibu kwa maneno mengi. Maneno yenyewe hakuyasikia. Hakusogea karibu na dirisha, ingawa lilikuwa wazi.

Walipotoka, macho ya Mughwai yalikuwa mekundu. Alimbeba Rebeka, akamwuliza Stumai kama angependa kuingia naye aone.

Stumai alimtazama Janeth. Janeth alikuwa anatazama barabarani.

"Siku nyingine," alisema. "Akinikaribisha mwenyewe."

Njiani kurudi Ilongero Janeth alikaa upande wa baba yake, wakaongea kwa sauti ndogo safari nzima. Usiku ule waliosha vyombo pamoja, Stumai akisugua, Janeth akisuuza.

"Kulikuwaje kule ndani?" Stumai aliuliza hatimaye.

"Kulikuwa kuzuri."

Stumai alingoja. Janeth alisuuza sahani ya mwisho, akaiinamisha juu ya kichanja, akafuta mikono kwenye kanga.

"Usiku mwema, mama," alisema, akaingia kulala.