Kata Isiyobeba Mtungi

Nchi ya Zirindi imelala kati ya vilima viwili vya chokaa, na kila asubuhi ukungu huishukia mzito na mweupe, hata mtu akinyoosha mkono huvipoteza vidole vyake, na ng'ombe hujulikana kwa kikohozi. Wageni huipenda. Husema ni nchi ya ndoto, na hawakosei, ila hawaulizi ndoto hiyo ni ya nani. Juu ya kilima cha mashariki, ambako jua hufika kwanza, wanaishi Wenye Kilima, watu wachache, wanene wa shingo na wapole wa maneno, na mkubwa wao ni Jumbe Tandabelua, ambaye hajawahi kumpiga mtu wala kumfunga. Kwa nini ajisumbue? Ana kamba.

Zirindi imegawanywa kata saba, na kila kata huzungushiwa kamba ya katani iliyolazwa chini. Waliomo ndani ya kamba humchagua msemaji wao, na wasemaji saba ndio huamua mambo ya nchi. Kamba ikishasokotwa haikatwi. Ndiyo mila yao, na mimi sijaona mila inayotunzwa kama hiyo. Watu ndio hukatwa. Uchaguzi unapokaribia, Mpima Mkuu, Bwana Pindilia, hushuka kilimani ukungu ungali mzito, akaongeza urefu hapa, akapinda pale, na ukungu ukiondoka wananchi hujikuta mahali pengine bila kuhama. Watu wa bondeni, wa Mashimoni, ni sita katika kila Wazirindi kumi. Pindilia aliwajaza katika kata mbili hadi wakakanyagana, na waliobaki akawanyunyiza kama chumvi katika zile tano. Hivyo walio wengi wakapata wasemaji wawili, na walio wachache wakapata watano. Akufukuzaye hakwambii toka.

Bi Sikudhani, mchota maji wa Mashimoni, aliamka siku moja akakuta kamba imepita chumbani mwake. Kitanda kimebaki Kata ya Pili, mafiga yamekwenda Kata ya Tano. Angecheka, maana ni mwanamke wa mzaha, lakini mwaka huo palikuwa na jambo lisilochekesha hata kidogo. Wasemaji watano wa Jumbe walikwisha kutangaza kwamba wakichaguliwa tena watampa Jumbe chemchemi ya Mashimoni, iwe yake na ya uzao wake, ainyweshee miwa. Chemchemi nyingine hakuna. Wajukuu wake wangekunywa nini, umande? Akajitwika mtungi, akaenda barazani kuishitaki kamba.

Baraza la Zirindi halina paa, na ukungu huingia humo bila kubisha hodi, ukakaa miongoni mwa watu, ukawafanya wote waonekane kama wanakumbukwa tu. Hakimu Mtulia alisikiliza kesi akiwa amefumba macho. Watu walidai analala. Yeye alidai anapima.

"Mheshimiwa," alisema Pindilia kwa niaba ya Jumbe, "huu ni mchezo wa siasa. Baraza hili lina mizani ya wizi, lina mizani ya matusi, lakini mizani ya siasa halina. Mama huyu anasema kamba imepinda. Ipinde kiasi gani ndipo iwe kosa? Atuambie kipimo."

Hakimu alifumbua jicho moja. "Bi Sikudhani, hata mimi naona imepinda kama utumbo wa mbuzi. Lakini bila kipimo mikono yangu haina kazi. Unacho?"

"Ninacho, Mheshimiwa. Nimekuja nacho kichwani."

Akatua mtungi, akaitoa kata yake, ile pete ya majani makavu ya mgomba anayoiweka utosini ili mtungi ukae, akaiweka juu ya meza.

"Hii yaitwaje, Mheshimiwa?"

"Kata."

"Na kile anachokizungushia kamba Bwana Pindilia?"

"Kata," alijibu Hakimu, polepole.

"Waliotutungia sheria walikuwa wachota maji. Waliandika, 'Kila kata ibebe mtungi wake.' Wenzetu wa kilimani wakisoma neno hilo huona kisu. Sisi twaona hii."

Akaweka mtungi juu ya ile pete; ukatulia tuli. Kisha akaifumua kata, akaipindapinda mezani mfano wa Kata ya Tano, na kuuweka mtungi tena. Ukayumba, ukalala, na maji yote yakaenda mapajani mwa Hakimu. Aliruka. Wazirindi wakayaona macho yake yote mawili kwa mara ya kwanza.

Pindilia aliona mambo yanaharibika. Alihofu Kata ya Tano itafyekwa mikia, akapiga magoti. "Amua utakavyo, Mheshimiwa, lakini mila! Kamba haikatwi! Kwa jina la Jumbe naomba iandikwe: kamba ya Kata ya Tano isipunguzwe hata shibiri moja!"

"Iandikwe," alisema Hakimu akikamua kanzu yake. "Isipunguzwe hata shibiri moja. Ila ilazwe mviringo, kama kata ya kubebea mtungi. Ianze hiyo, nyingine zifuate."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Asubuhi iliyofuata watu waliiokota kamba hiyo kutoka mashambani, makaburini na chini ya vitanda vyao, wakawa wanarudi nayo kinyumenyume ndani ya ukungu, wakiitana ili wasipotezane. Ilikuwa imeongezwa urefu kwa miaka ishirini, nayo ilikuwa haiishi. Ikaimeza Kata ya Pili, ikaimeza ya Sita, ikakizunguka kilima cha magharibi, na ilipokaribia kuwa duara pakawa hapana tena ardhi ya kuzilaza kamba nyingine sita. Ncha zake zikafika mlangoni kwa Jumbe Tandabelua. Hazikukutana. Palibaki nafasi ya mtu mmoja aliyenyoosha mikono.

"Isipokutana si kata," Pindilia alinong'ona kwa furaha. "Uchaguzi hakuna."

"Na asiye na kata si wa Zirindi, hata awe Jumbe," alisema Bi Sikudhani, ameshika ncha moja. "Hiyo nayo ni mila. Shika hii na ile, Jumbe, iwe kata."

"Nikishika, nitakuwa ndani au nje?"

"Kamba ni yako, Jumbe. Sisi tumeinyoosha tu."

Jumbe aliinama. Wasimulizi hutofautiana hapa: wengine husema aliinama kuishika ncha, wengine kutafuta kisu. Lakini wote hukubaliana juu ya sauti. Huko, kabla ya kuchagua, watu hujihesabu wenyewe, kila mtu akitaja namba yake, na bondeni kuhesabu kulikuwa kumekwisha kuanza. Moja. Mbili. Tatu. Jumbe hakumwona hata mmoja. Alizisikia tu zikipanda kilimani ndani ya ule weupe, za wanawake, za wazee, zikapita mia, zikapita elfu, zikazidi kumsogelea. Zikamfikia Bi Sikudhani. Akaitaja namba yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akageuka akamtazama Jumbe, akimngoja ataje ya kwake.