Kioo cha Mbele

Tangu avunjike nyonga, Bibi Jamaliah wa mtaa wa Bukit Panjang hajashuka ghorofani. Leo alitaka jambo moja tu: kumwona kutoka dirishani mjukuu wake Nadhirah akipita na treni ya reli ya juu, siku yake ya kwanza ya shule.

Treni ikachomoza. Ndipo akakumbuka kwamba vioo vya ubavuni hujifunika ukungu karibu na majengo, abiria wasichungulie nyumba za watu.

"Suraya!" akamkemea bintiye kwenye simu. "Mmekaa ubavuni, siyo? Mpeleke mtoto mbele, upesi!"

"Haya, Mama, tunakimbia!"

Vioo vikawa vyeupe kama maziwa. Lakini pale mbele, pasipo ukungu wala dereva, kwani treni hiyo hujiendesha yenyewe, alisimama Nadhirah na sare yake mpya.

"Bibi, naendesha mimi!" sauti yake ikasikika kwenye simu.

"Subhanallah," Bibi akanong'ona. "Treni nzima!"