Aliyemimina Bila Kuonja

Rwegasira alirudi kijijini Kanoni kutoka Bukoba na maneno mengi kuliko mizigo. Kuna sinema huko, alisema, ya mauaji ya enzi za kale, ya makasri na mishumaa, imesifiwa hata na Wazungu. Muuaji humjui mpaka mwisho. Akaapa kuileta. Tena akatangaza mbele za watu kwamba arusi ya binti yake Kemigisha haitahitaji hadithi za Kemilembe. "Shemeji apumzike," alisema. "Zile ni za kubembelezea watoto."

Kemilembe, mke wa kaka yake, alicheka pamoja na wenzake, lakini moyoni ilimuuma. Miaka yote hakuna arusi iliyofana Kanoni bila watu kumzunguka asimulie. Wakimwondoa hapo, atabaki nani? Bibi wa kumenya ndizi tu.

Gari la sinema likaja kweli. Madirisha ya ghala la kahawa yakazibwa kwa magunia, mchana ukawa giza, watu wakajazana. Kemilembe akaketi mbele kabisa. Kama ni kushindwa, basi ashindwe na kitu cha maana.

Kwenye shuka jeupe, bwana wa kasri akammiminia mgeni wake kinywaji, akampa. Yeye hakuonja. Mgeni akanywa, akaanguka.

"Ndiye huyo," akasema mzee Gaudiosus taratibu, na ghala zima likaitikia. Jamani, nani asiyejua? Hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba huionja kwanza, mgeni aone haina sumu, ndipo ampe. Asiyeonja ana lake jambo.

"Ngojeni, bado mapema," Rwegasira akasihi.

Wakangoja. Mpelelezi mwenye masharubu akamhoji mpishi, akamhoji mtunza farasi, akapima nyayo bustanini. Watoto wakasinzia. Mama mmoja akauliza kama kwao yule mpelelezi watu hawakaribishani. Mwishowe mpelelezi akamnyooshea kidole bwana wa kasri, muziki ukalia kwa kishindo, na hakuna aliyeshtuka. Sifa zote zile, kumbe debe tupu.

Kemilembe alisikitika kwelikweli. Alikuja amejiandaa kushindwa, na wa kumshinda hakumwona. Magunia yalipoondolewa, akasimama.

"Sasa sikilizeni hii. Zamani, huku Igurwa, mwenye nyumba alimimina rubisi, akaonja mbele ya wote. Wageni wote wakanywa kutoka kibuyu kilekile. Akafa mmoja tu, rafiki yake mpenzi."

Aliyekuwa mlangoni akarudi ndani. Kemilembe akawapitisha kwa mjane, kwa ndugu, kwa jirani mwenye kinyongo. Kila waliyemshuku akawaponyoka. Alipofika pale mtemi anapoinuka kumtaja muuaji, akanyamaza, akajitanda kanga yake na kutoka.

Rwegasira ndiye aliyemkimbilia. "Shemeji, nani alimuua?"

"Utamjua kwenye arusi ya Kemigisha," akasema. "Niwekee kigoda."

Na siku ya arusi ilipofika, kigoda alikibeba Rwegasira mwenyewe.